Nimebakiwa na dola 610, na kituo cha mafuta wananitaka Ijumaa

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Ohio, Marekani. Nina miaka 23, ni Mhindi mwenye pasipoti ya India. Nilizaliwa Bhuj, nikakulia Kisutu, Dar es Salaam, hadi nilipomaliza kidato cha nne na familia ikarudi Gujarat. Digrii ya kwanza nilisomea Pune, na sasa nimeanza uzamili wa sayansi ya kompyuta kwenye chuo cha umma huku. Nikiwa na jambo zito kichwani huwa linanijia kwa Kiswahili, ndiyo maana nimekuja kwako.

Hii ni wiki yangu ya tatu, na madarasa yameanza Jumatatu iliyopita. Nilishuka na dola 2,500. Kodi ya mwezi wa kwanza 450, amana ya nyumba 450, halafu godoro, sufuria, nauli ya kutoka uwanja wa ndege, chanjo ambazo chuo kilizidai, chakula. Nimebakiwa na 610, na kodi ya Septemba iko mlangoni. Hela ya kujikimu ipo kwenye mkopo wangu wa elimu, benki ya nyumbani, ila kila awamu lazima niiombe kwenye programu ya benki, na programu inatuma namba ya siri kwenye laini yangu ya India. Laini hiyo haijashika mtandao tangu nishuke. Baba ndiye mkopaji mwenza. Sijamwambia. Aliweka nyumba rehani kwa ajili yangu. Nitaanzaje kumwambia nimekwama wiki ya tatu tu?

Kazi nimepata kwenye ukumbi wa chakula wa chuo, saa 12 kwa wiki, dola 13 kwa saa. Lakini wanataka namba ya Hifadhi ya Jamii, ile SSN. Siku ya nne tangu nifike nilikwenda ofisi ya Hifadhi ya Jamii na pasipoti na I-20, ile fomu ya chuo inayothibitisha udahili wangu, nikarudishwa. Wenzangu wanasema ukishakataliwa mara moja, jina linabaki kwenye kompyuta.

Hekaluni nimekutana na mzee wa kwetu. Tunamwita Kaka, kwa maana ya Kigujarati, yaani baba mdogo. Ana kituo cha mafuta. Ananitaka Ijumaa na Jumamosi, saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, dola 9 kwa saa, taslimu mkononi, bila karatasi. Anasema vijana wengi wa kwetu wameanzia kwake. Nianze Ijumaa hii. Ni mtu mwema, amenipa hata koti la baridi, naona aibu kumkatalia.

Kuna na mengine. Zoezi la kwanza la programu tulilifanya pamoja sisi wanne tunaoishi nyumba moja, kama tulivyozoea nyumbani, na jana profesa ameniandikia nikamwone Alhamisi kuhusu kazi zetu kufanana. Halafu juzi kengele ya moshi ililia tukiunga dengu, jengo zima likatoka nje, zimamoto wakaja. Tangu hapo mwenzangu ameifunga kwa mfuko wa plastiki. Na mmoja wetu anataka kuhama, na mwenye nyumba anasema sehemu yake tutailipa sisi tuliobaki.

Nianzie wapi?

Mtoto wa Kisutu, Ohio

*

Marahaba mwanangu. Anzia kituo cha mafuta, kwa sababu hicho kina tarehe. Ijumaa usiende. Hata zamu moja ya kujaribu, usiende.

Hadhi yako ya F-1, yaani ya viza ya mwanafunzi, inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo, si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Wakati wa likizo unaweza kufanya muda wote. Nje ya chuo, katika mwaka wa kwanza wa masomo, mlango umefungwa isipokuwa kwa vibali vichache maalumu ambavyo wewe huna. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ikijua umefanya kazi bila kibali, inafunga rekodi yako kwenye SEVIS, mfumo ambao serikali hutumia kuwafuatilia wanafunzi kutoka nje. Mwanafunzi aliyemaliza masomo yake vizuri hupewa siku 60 za kufunga virago. Aliyefungiwa kwa kosa hili hapewi hata moja. Tena makosa mengine mengi, kama kushuka chini ya idadi ya masomo inayotakiwa, yana njia ya kuomba urudishiwe hadhi. Mojawapo ya masharti ya njia hiyo ni kwamba usiwe umewahi kufanya kazi bila kibali. Ndiyo maana jambo hili nimelitenga na matatizo yako mengine. Hayo mengine yanarekebishika.

Utaambiwa taslimu haiachi ushahidi. Inaacha. Kuna kamera juu ya kaunta, kuna ujumbe wa kupangiana zamu kwenye WhatsApp, kuna ile siku hana noti na akakurushia hela kwa simu. Na siku asipokulipa utaogopa kumshtaki, maana utakuwa unajishtaki mwenyewe. Akikwambia muite kujitolea, kazi ambayo biashara humlipa mtu kuifanya haigeuki kwa kubadilishiwa jina. Wewe wa kompyuta hasa una mengi ya kupoteza: ukihitimu unaweza kuomba OPT, miezi 12 ya kazi katika fani yako, na kwa fani za sayansi na teknolojia miezi 24 juu yake. Miezi 36 ya mshahara wa mhandisi ndiyo inayolipa rehani ya baba yako.

Sasa piga hesabu. Kwa Kaka ni usiku mbili za saa sita, saa 12 kwa dola 9: dola 108. Ukumbi wa chakula ni saa 12 zilezile kwa dola 13: dola 156, na usiku umelala. Wakikupandisha hadi saa 20, ni 260. Hata kwa hela peke yake, kituo cha mafuta kinashindwa.

Kaka mkabili ana kwa ana, usimtumie ujumbe. Mwambie: “Kaka, koti lako nalivaa na nakushukuru. Viza yangu hainiruhusu kazi ya nje ya chuo, na wakinirudisha, mkopo unabaki mgongoni kwa baba.” Usisingizie masomo wala uchovu, ukisema umechoka atakupunguzia saa na mtaanza upya. Ukimtaja baba, mzee wa kwetu ataelewa.

Hela yako haijaisha. Imekwama nyuma ya laini ya simu, na kuna njia mbili. Zifuate zote mbili kwa pamoja.

Ya kwanza ni laini yenyewe. Roaming ya kimataifa mara nyingi haiwaki mpaka kampuni ya simu iiwashe upande wao. Baba aiwashe kupitia programu yao au dukani, na aiwekee laini vocha, kwa sababu laini isiyowekewa hela kwa miezi hufungwa na namba akapewa mtu mwingine. Huku kwako washa roaming ya laini hiyo, zima data yake, na kama haishiki yenyewe chagua mtandao kwa mkono kwenye mipangilio, mmoja baada ya mwingine, ukisubiri dakika mbili kila mmoja. Kupokea ujumbe mfupi kwa kawaida hakukati hela. Kupokea simu hukata, tena sana, kwa hiyo ikilia iache. Kosa la kawaida hapa ni kuweka laini ya India kwenye simu iliyonunuliwa Marekani kwa mkataba: simu hizo nyingi zimefungwa zisome laini ya kampuni moja tu. Kama ndivyo, itafute ile simu yako ya zamani.

Ya pili haihitaji laini kabisa. Mkopaji mwenza anaweza kwenda tawini. Mtumie baba barua fupi ya maombi uliyoisaini, ukurasa wa kwanza wa I-20, ambao una makadirio ya gharama za kuishi, na barua ya uthibitisho wa usajili ambayo kwa kawaida unaipakua mwenyewe kwenye tovuti ya chuo. Tawini atajaza fomu A2, ya kutuma fedha nje. Muandikie namba ya akaunti yako ya huku, msimbo wa SWIFT unaoitambulisha benki hiyo kimataifa, na jina lako herufi kwa herufi kama lilivyo benki. Jina likipishana, hata kwa kuacha jina la baba katikati, fedha zinaweza kuzuiwa njiani au kurudishwa. Kama hujafungua akaunti, benki nyingi zilizo karibu na vyuo humfungulia mwanafunzi wa nje bila SSN kwa pasipoti, I-20 na mkataba wa nyumba.

Kwa hiyo baba lazima aambiwe, na aambiwe ukweli ulivyo: namba ya siri ya benki haifiki, mkopo upo. Hilo si la aibu. Ukimpigia saa mbili na nusu usiku wa Ohio, Bhuj ni saa kumi na mbili asubuhi. Ana muda wa kujiandaa kabla tawi halijafunguliwa.

Ya kuvukia siku hizo: vyuo vingi vya umma vina mkopo mdogo wa dharura kupitia ofisi ya mlezi wa wanafunzi, na ghala la chakula cha bure kwa wanafunzi. Uliza vyote viwili kesho. Dengu, mchele na mafuta ya wiki mbili kutoka ghalani si haba ukiwa na 610.

Tuje kwenye SSN. Hukukataliwa, mwanangu, ulifika mapema na mikono mitupu. Wanafunzi wapya hushauriwa wasubiri siku kama 10 tangu waingie nchini na angalau saa 48 baada ya chuo kuwasajili kwenye SEVIS, kwa sababu ofisi ile huhakiki taarifa zako kwenye mifumo ya uhamiaji, na kabla ya hapo huenda hazionekani. Tena mwanafunzi wa F-1 hapewi namba kwa kuwa mwanafunzi tu. Anapewa kwa kuwa ana kazi, na kazi inathibitishwa kwa barua. Siku ya nne ulikuwa na pasipoti na I-20. Safari hii beba hivi:

Pasipoti yenye viza. I-20 uliyoisaini. I-94, rekodi ya kuingia kwako nchini, ambayo unaichapisha kutoka tovuti ya forodha na mipaka. Kabla ya kuichapisha hakikisha imeandikwa F-1 na kwamba majina yamekaa kama kwenye pasipoti, maana kwa Wahindi jina la ukoo na la kwanza hubadilishana nafasi mara nyingi, na hilo peke yake linaweza kukuchelewesha wiki kadhaa. Barua ya msimamizi wa ukumbi wa chakula, yenye nembo, inayotaja kazi, tarehe ya kuanza, saa kwa wiki, namba ya utambulisho ya mwajiri, jina la msimamizi, na saini ya wino. Barua ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Na fomu SS-5, ya kuombea namba yenyewe. Kazi iwe imeanza au ianze ndani ya siku 30. Huduma ni bure, na kadi huja kwa posta ndani ya takriban wiki mbili, kwa hiyo jina lako liwepo kwenye kisanduku cha barua cha nyumba mnayoishi. Wanafunzi hulisahau hilo, kadi ikarudi ilikotoka.

Jambo ambalo huenda hata msimamizi wako halijui vizuri: unaweza kuanza kazi ukiwa umeomba namba na bado hujaipata. Kinachotakiwa ni fomu I-9, ya kumthibitishia mwajiri kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, na wewe unaikamilisha kwa pasipoti, I-94 na I-20. Bakiza risiti ya maombi uwaonyeshe.

Ukipata hati yako ya kwanza ya mshahara, iangalie. Mwanafunzi wa F-1 aliye kwenye miaka yake mitano ya kwanza ya kalenda, kwa kawaida hakatwi michango ya Hifadhi ya Jamii na Medicare (bima ya afya ya wazee), ambayo kwa pamoja ni asilimia 7.65. Kwa dola 156 hiyo ni karibu dola 12 kila wiki. Ukiikuta imekatwa, nenda ofisi ya mishahara ya chuo mapema. Kuirudisha mwezi huohuo ni rahisi kuliko mwaka unaofuata. Na mwakani, kabla ya tarehe 15 Aprili, utajaza 1040-NR, fomu ya kodi ya mapato ya wasio wakaazi, pamoja na fomu 8843, ya kueleza siku ulizokaa nchini ukiwa mwanafunzi. Wahindi wana nafuu ambayo wanafunzi wa mataifa mengine karibu wote hawana: ibara ya 21 ya mkataba wa kodi kati ya India na Marekani wa 1989 inamruhusu mwanafunzi wa India kuchukua punguzo la kawaida, yaani sehemu ya mapato isiyotozwa kodi, kama mkaazi. Usijaze kwa programu wanazotumia Wamarekani wenyewe, zitakujazia fomu ya wakaazi. Uliza chuo, vingi hutoa ya wanafunzi wa nje.

Profesa. Hili nalo ni zito, kwa sababu chuo kikikusimamisha masomo, hadhi ya F-1 inaanguka pamoja nayo. Huko mlikotoka, kukaa wanne na kutoa jibu moja ni udugu. Huku kila mstari ulioukabidhi kwa jina lako unahesabiwa umeuandika wewe. Programu za kulinganisha msimbo hazidanganywi kwa kubadili majina ya vigeu au kupanga upya mistari. Zinaangalia muundo, na muundo wa kazi nne zilizotoka kwenye meza moja huonekana mara moja.

Kabla ya Alhamisi fungua silabasi ya somo, soma kipengele cha ushirikiano neno kwa neno. Kusanya rasimu zako, na historia ya mabadiliko kama unatumia Git, programu inayotunza kila hatua ya msimbo wako. Ukifika, eleza kilichotokea: nani aliandika sehemu gani, wewe uliandika ipi, na kwamba ulidhani kushirikiana kumeruhusiwa. Usiwaumbie wenzako uongo, wala msikae usiku kupanga maelezo yafanane, maana nayo yatafanana. Ukipewa fomu ya kukiri, omba muda wa kuisoma, na uulize kama chuo kina ofisi ya kumsaidia mwanafunzi kwenye kesi kama hizi. Kosa la kwanza, kwenye zoezi la kwanza, mara nyingi huishia kwenye alama za zoezi hilo kwa mtu aliyesema kweli. Na kuanzia sasa, kama silabasi inaruhusu kujadiliana, jadilini ubaoni, futeni ubao, kila mtu aende chumbani kwake akaandike peke yake bila kupiga picha, na juu ya faili aandike majina ya aliojadiliana nao. Ukikwama, profesa ana saa zake za kupokea wanafunzi kila wiki. Zimewekwa kwa ajili hiyo; kwenda kuuliza si kumsumbua.

Nyumba kwa ufupi. Kama mkataba ni mmoja wenye saini zenu wanne, kwa kawaida kila mmoja anawajibika kwa kodi yote, kwa hiyo mwenye nyumba huenda yuko sahihi. Anayehama atafute mtu wa kuingia, mwenye nyumba akubali kwa maandishi, na mgeni asaini kabla funguo hazijabadilisha mkono. Pigeni picha za kila ukuta, zulia na oveni leo, zenye tarehe. Ohio mwenye nyumba ana siku 30 baada ya nyinyi kuondoka kurudisha amana au kuorodhesha makato, ila mmpe kwa maandishi anwani mnayohamia.

Kengele imelia kwa sababu ya jiko. Plate ya umeme huhifadhi moto. Ukiizima inaendelea kuchoma mafuta kwa dakika kadhaa, tofauti na gesi mliyoizoea. Na feni iliyo juu ya jiko, kwenye nyumba nyingi za kupanga, haitoi moshi nje: inauvuta kwenye chujio na kuurudisha jikoni. Kwa hiyo fungua dirisha kwanza, ndipo uwashe feni. Weka plate kwenye 4 kati ya 10, mafuta yapate dakika tatu au nne, tupa punje moja ya haradali. Ikipasuka, sufuria itoke kabisa kwenye plate na kuwekwa kwenye plate baridi, ndipo iingie haradali yote, funika, na zikinyamaza weka bizari nyembamba na mvuje. Moto uliobaki kwenye mafuta unatosha. Vitunguu vikaangwe baadaye kwa moto mdogo. Na kama kuna aliyekuja na mashine ya kusagia ya nyumbani, isichomekwe: imetengenezwa kwa volti 230 na huku ni 120, mota itazunguka kwa unyonge na kuchemka, na adapta ya plagi haibadilishi umeme.

Ule mfuko wa plastiki uondoeni usiku huu kabla hamjalala. Mko wanne ndani ya nyumba moja, na jiko linalobaki la moto mkidhani mmelizima.